Folda ya Muda

Chai ikiwa bado ya moto, fundi wa programu wa kiwanda cha vitabu aliandika komandi moja kwenye skrini nyeusi, akabonyeza enta, akanyoosha mkono kuchukua kikombe. Kiwandani walimwita Komandi kwa sababu hiyo hiyo. Wenzake wote walibofya vijipicha kwa kipanya, yeye aliiandikia kompyuta maneno kama mtu anayemtuma mtoto dukani. Programu yenyewe aliitunga kwa mkono wake. Kazi yake ilikuwa kukusanya kurasa za kitabu kutoka kila kompyuta ya jengo, kuzirundika kwenye folda ya muda, kuzipanga, kuzifunga ziwe kitabu kimoja cha kwenda mashineni, kisha kuifagia ile folda ibaki safi. Amri zake zilikuwa za Kiswahili kitupu: kusanya, panga, funga, fagia. Alitaka hata karani wa stoo aweze kuitumia bila kupiga kelele ngazini akimwita yeye. Folda nayo aliipa jina la kueleweka. Aliiita muda.

Asubuhi hiyo zamu ilikuwa ya kitabu cha sayansi cha darasa la sita, na shule zilishachoka kukisubiri. Jana yake mafundi walikuwa wameihamisha seva kutoka chumba cha chini kuileta cha juu, karibu na meza ya Komandi, na katika hamahama hiyo anwani ya ile folda ilibaki tupu. Programu yenye akili zake ingesimama ikauliza. Hii haikuuliza, kwa sababu hakuna aliyewahi kuiambia iulize. Ilikuta neno fagia, ikakuta neno muda, haikukuta mahali, basi ikachukulia kwamba mahali ni popote.

Skrini iliandika: Kitabu tayari. Nafagia vya muda.

Kitu cha kwanza kuondoka kilikuwa ukuta wa plaiwudi uliotenganisha meza yake na mtambo wa zamani wa simu. Uliwekwa kwa muda kabla Komandi hajaajiriwa, na tangu hapo ulishapakwa rangi mara kadhaa na kutundikiwa kalenda. Vikafuata viti vya plastiki vya chumba cha mikutano, vile vilivyonunuliwa vya kushikizia mpaka vya kweli vifike. Gazeti lililoziba kioo kilichovunjika likaondoka, upepo ukaingia. Karani wa stoo, aliyekuwa anapita na kalamu sikioni, alisimama akashika shavu.

"Jino langu," alisema. Daktari alikuwa amemzibia kwa muda.

Halafu kule chini mashine ya kujalidi ikabadilika mlio. Komandi aliujua ule mlio kuliko mlio wa simu yake, kwa kuwa mwendeshaji wa mashine ile alikuwa mume wake. Kiwanda kizima kilimwita Gundi, na yeye mwenyewe aliitikia. Walijuana siku Komandi aliposhuka kwa hasira kuuliza kwa nini vitabu vinapukutika kurasa, akajibiwa kwa upole kwamba gundi ni nzuri, karatasi ndiyo haina adabu. Siku walipooana Gundi alikuwa mfanyakazi wa muda. Mpaka leo hii alikuwa wa muda, mkataba wa miezi mitatu ukiisha unakuja mwingine wa miezi mitatu, na mashine aliyokuwa akiiendesha ilishabadilishwa injini kwa uzee.

Komandi aliacha chai akashuka ngazi. Ukumbini mashine zote zilikuwa zinakwenda na watu hawakuwepo. Mashine ya kukata ilikata hewa. Ile ya kujalidi ilitema vitabu visivyo na gundi, kurasa zikitawanyika sakafuni, mfumo wa jua huku, mmeng'enyo wa chakula kule. Kwenye msumari wa koti la Gundi palikuwa na msumari tu. Karani wa stoo alizunguka akizima swichi moja moja, mkono mmoja shavuni.

Waliobaki jengo zima walitosha kwenye meza moja ya chai. Alikuwepo karani wa stoo, alikuwepo mhasibu, alikuwepo afisa utumishi ambaye watu walimwita Bwana Utumishi, na Komandi mwenyewe. Hao ndio waliokuwa wameajiriwa kwa kudumu. Ofisi ya meneja nayo ilikuwa tupu, maana meneja alikuwa anakaimu. Alishakaimu muda mrefu kiasi kwamba Kaimu ndilo lilikuwa jina lake, na mkewe naye aliitwa Mama Kaimu sokoni.

"Wameenda wapi?" aliuliza Bwana Utumishi.

"Wamefagiwa," alisema Komandi.

"Wote?"

"Wa muda wote."

Bwana Utumishi aliutazama ukumbi kutoka mwanzo hadi mwisho, polepole, kama mtu aliyeambiwa achague mahali pa kuweka kabati. "Kumbe walikuwa wengi hivi," alisema. Kisha akauliza kama intaneti ipo, kwa sababu alikuwa na barua pepe ya kutuma.

Komandi alirudi juu akakaa mbele ya skrini. Aliandika orodhesha muda, akabonyeza enta, vikateremka vyote: ukuta wa plaiwudi, viti vya plastiki, gazeti la dirishani, kizibo cha jino. Baada ya hapo yakaja majina ya watu, marefu kama foleni ya hospitali. Mlinzi wa getini alikuwemo. Fundi umeme wa kiwanda, aliyeitwa Shoti, alikuwemo. Kaimu alikuwemo. Gundi alikuwemo.

Aliandika: soma Gundi.

Skrini ilifikiri kidogo, ikajibu: Gundi yupo. Amekaa chini. Anauliza nani anamsoma.

"Ni mimi," aliandika.

"Nilijua tu. Huku hakuna joto wala baridi. Tupo wote. Hata Kaimu yupo, tumempa kile kiti cha plastiki kisichoyumba. Mashine nimeiacha inakwenda, kuna aliyeizima?"

"Imezimwa. Usiende popote."

"Niende wapi, mke wangu? Hapa hapana mlango."

Komandi alicheka, kisha akaogopa, na hofu ilikuwa kubwa kuliko kicheko. Alijua jambo ambalo Gundi hakulijua. Folda ya muda ina tabia moja, na tabia hiyo si kosa, ndivyo folda za muda zilivyo kila mahali: kompyuta ikizimika, kilichomo ndani yake hakipo tena. Hakiendi kokote. Hakitafutwi. Seva ile ikizimika kabla hajawatoa, mume wake angekuwa kama faili ambalo halikuhifadhiwa, na yeye angebaki na koti ambalo hata halikuwepo msumarini. Alimpenda yule mtu. Alipenda hata harufu ya gundi kwenye vidole vyake, ambayo sabuni zote za nyumbani zilishaishindwa.

Wakati huo ngazi ikalia kwa hatua nzito, akaingia mama mkwe wake na kopo la chakula mkononi. Gundi alikuwa amelisahau mezani nyumbani. Kwa kawaida mlinzi angemzuia getini, angempigia simu mtu wa ndani, mtu wa ndani angesema subiri. Leo geti lilikuwa wazi na kibanda kitupu, basi mama akapita kama mwenye kiwanda. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti iliyomzidi kimo. Yeye na mkwe wake waliheshimiana mno, na hiyo ndiyo ilikuwa shida yao, kwa sababu watu wanaoheshimiana mno hawaambiani kitu.

"Hodi hapa. Mwanangu nimemkosa chini."

"Karibu, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Yuko wapi?"

"Amefagiwa, mama."

"Amefagiwa na nani?"

"Na programu."

"Programu ya nani?"

"Yangu, mama."

Mama mkwe aliweka kopo la chakula juu ya seva, ambako palikuwa pana joto zuri, akakaza kanga kiunoni. "Haya. Na unamtoaje?"

Kabla Komandi hajatafuta jibu, Bwana Utumishi akatokeza pale ulipokuwa ukuta wa plaiwudi. Alikuwa amefikiri njia nzima ya kupanda ngazi, na alichokipata alikileta mbiombio.

"Umejaribu kuzima na kuwasha?"

"Siwezi kuzima. Nikizima wanafutika."

"Ya kwangu kila ikisumbua nazima, nahesabu kumi, nawasha. Inakaa sawa kabisa." Alishakiona kitufe, na kidole kilikuwa mbele yake kikiongoza njia.

Mama mkwe alimtangulia. Alivuta kiti cha chuma, akakiweka mbele ya kile kitufe, akakaa, akapanga kanga yake vizuri magotini. Kitufe kilipotelea mgongoni kwake. Bwana Utumishi alisimama na kidole chake hewani.

"Mama, hapo ni mahali pa kazi."

"Naona. Na mimi nimeshaanza kazi. Hapa hapazimwi kitu."

Wacha weee! Bwana Utumishi alikuwa amesomea namna ya kushughulika na watu wa kila aina, ila mama wa mtu aliyekaa kwenye kiti hakuwemo kwenye masomo yale. Alirudisha kidole mfukoni. Komandi, kwa mara ya kwanza tangu aolewe, alimtazama mama mkwe wake akatamani kumkumbatia, lakini kazi ilikuwa haijaanza.

Aliandika: rudisha Gundi.

Programu ikauliza: Mahali pa kudumu?

Komandi aliandika mtaa na nyumba yao, mlango wa bluu, karibu na fundi viatu. Programu ikajibu: Nyumba ya kupanga. Si pa kudumu.

Akaandika: Idara ya Kujalidi. Programu ikatafuta, ikajibu: Mtu huyu hayumo kwenye idara hiyo.

"Hayumo vipi?" alisema kwa sauti. "Idara hiyo ni yeye!"

"Kwenye mfumo, wa muda hawana idara," alieleza Bwana Utumishi kwa utulivu. "Wana mahali wanaposaidia."

Komandi alijaribu kiwanda. Hayumo. Alijaribu jina la mji. Programu ilitaka mtaa. Alijaribu jina lake mwenyewe, mke wa Gundi, akasubiri, na programu ikajibu kwamba mke si mahali. Aliumia kweli, ingawa programu aliitunga yeye. Mama mkwe alikuwa ananyoosha shingo asome, na Komandi akasogea kidogo ili ile sentensi isionekane.

Hapo umeme ukakatika.

Taa zilizimika, feni ya darini ikazunguka kwa mazoea, ikasimama. Seva haikuzimika, kwa sababu chini yake palikuwa na betri ya akiba, nayo betri ikaanza kulia, pii, pii, pii, kama inavyolia siku zote ikikumbusha kwamba yenyewe si ya kutegemewa. Skrini ya Komandi nayo ilikuwa inakula umeme wa betri hiyo hiyo. Siku nyingine umeme ukikatika, Shoti angeshakuwa njiani kwenda kwenye banda la jenereta, akiimba. Jenereta lile liliwaka kwa mkono wake tu, kwa kupigwa teke mahali fulani, na ufunguo wake ulikaa mfukoni mwake. Shoti alikuwa ndani ya folda. Ufunguo ulikuwa ndani ya mfuko wa Shoti.

"Basi tena," alisema Bwana Utumishi. Alijishika kiuno akavuta pumzi, na inaonekana aliona ni wajibu wake kusema jambo la kutia moyo. "Tumshukuru Mungu mashine zimebaki salama. Hizo ndizo mali za kudumu."

Komandi alimgeukia. "Sema tena."

"Mashine. Kwa mhasibu zimeandikwa hivyo, mali za kudumu. Mashine ya kujalidi, ya kukata, jenereta, geti, meza ya meneja na kiti chake. Kwa nini?"

Komandi alikuwa ameshageukia skrini. Mtu hakuwa na mahali pa kudumu, lakini chuma alichokishika kila siku kilikuwa nacho. Betri ililia kwa kasi zaidi. Ililia namna ile inayomaanisha kwamba itatosha komandi moja, na ya pili ni majaliwa.

Mama mkwe alisimama kutoka kwenye kiti chake akaja kusimama nyuma ya bega lake. "Umepata?"

"Nimepata."

"Basi mlete mwanangu."

Vidole vya Komandi vilikuwa juu ya herufi G. Viliganda pale. Kisha vikahama, akaandika: rudisha Shoti. Programu ikauliza mahali pa kudumu, akaandika: jenereta.

Mama alisoma neno kwa neno, midomo ikimcheza. "Huyo si mwanangu."

"Najua, mama."

"Umekosea jina."

"Sikukosea. Nikimleta Gundi, betri ikaisha, tunaye yeye peke yake na wengine wote wamekwenda. Nikimleta Shoti, akawasha jenereta, wanarudi wote."

"Na betri ikiisha kabla hajawasha?"

Komandi alibonyeza enta. Machozi yalikuwa yanamteremka, na aliyaacha, maana mikono ilikuwa na kazi. "Basi nitakuwa nimekupotezea mwanao," alisema, "na mume wangu mimi."

Mama mkwe aliweka mkono begani kwake. Haikujulikana kama ni wa kumshika au wa kumzuia, na huenda mama mwenyewe hakujua. Wote watatu walitazama skrini, Bwana Utumishi akiwa wa tatu.

Skrini iliandika: Shoti amerudishwa. Jenereta. Kisha ikaanza kufifia pembeni.

Kule nyuma ya jengo, ndani ya banda, Shoti alijikuta amesimama mbele ya jenereta, ufunguo mfukoni. Aliona giza, akasikia kimya cha kiwanda, akajua kazi yake. Hakujiuliza alitoka wapi, hiyo angejiuliza wakati wa chakula. Alitia ufunguo, akazungusha, jenereta likakohoa likanyamaza. Alizungusha tena. Kule juu betri iliacha kulia pii pii ikaanza kulia mfululizo, na mkono wa mama ulibana bega la Komandi mpaka mfupani. Shoti akalitukana jenereta matusi yake ya kawaida, akarudi hatua moja, akalipiga teke mahali pake.

Likawaka. Lilinguruma mpaka madirisha yakatetemeka, feni ikaanza kuzunguka, taa zikarudi, na betri ya akiba ikanyamaza kama mtoto aliyepewa ziwa. Mama mkwe alipiga kigelegele. Alikipiga kirefu, kikatoka kwenye lile dirisha lisilo na gazeti, kikamfikia Shoti bandani, naye akaitikia kwa kupiga mluzi ingawa hakujua sherehe ni ya nani.

Komandi hakupoteza nafasi. Rudisha Gundi, mashine ya kujalidi. Rudisha mlinzi, geti. Rudisha wakataji, mashine ya kukata. Rudisha mama wa chai, birika kubwa, ambalo nalo mhasibu aliliandika mali ya kudumu kwa sababu ya uzito wake. Rudisha Kaimu, kiti cha meneja. Rudisha kizibo, jino la karani wa stoo, ambalo nalo ni la kudumu. Kila jina alilibonyezea enta kwa nguvu, kama mtu anayegonga muhuri, na kila jina chini likajibu kwa kishindo: mara kicheko, mara sufuria, mara mtu kuuliza nani kachezea spana zangu. Karani wa stoo alitoa mkono shavuni akatafuna hewa kwa furaha. Ukuta wa plaiwudi ulirudi na kalenda yake. Ulirudi mahali pabaya kidogo, ukamwacha Bwana Utumishi upande wa pili.

Jina la mwisho lilipoingia, Komandi alivua viatu akashuka ngazi mbio. Mama mkwe alimfuata na kopo la chakula, naye kwa umri wake alikimbia vizuri sana.

Gundi alikuwa mbele ya mashine yake, mkono mmoja kwenye kishikio, akitazama kurasa zilizojaa sakafuni kwa uso wa mtu aliyerudi nyumbani akakuta watoto wamepika. Alimwona mke wake anakuja, akafungua mikono. Walikumbatiana katikati ya mfumo wa jua na mmeng'enyo wa chakula, na kwa kuwa wa muda wote walikuwa wanatazama, wote walipiga makofi. Komandi alinusa vidole vyake. Harufu ilikuwa ile ile.

"Nilimleta Shoti kwanza," alimwambia. "Uniwie radhi."

"Tulijua ungemleta Shoti. Kule ndani tulishajadili. Kaimu alitaka aanze yeye, tukamzomea."

Mama mkwe alifika akihema, akamtazama mwanawe juu mpaka chini, akampa kopo. "Kimepata moto kule kwenye mtambo," alisema. "Kula." Kisha akamgeukia Komandi. "Nilishayapanga ya kukuambia. Mengi, na mengine ya siku nyingi. Nimeyasahau yote." Akamvuta akamkumbatia, kanga na kila kitu, na Komandi alilia tena, safari hii bila kazi mikononi.

Mashine ziliwashwa. Vile vitabu vilivyopukutika viliokotwa, vikapangwa, vikapitishwa upya, na mchana huo kitabu cha sayansi cha darasa la sita kilitoka kikiwa kimekamata kurasa zake zote kwa meno. Watu walifanya kazi kwa kelele. Walikuwa wakiitana majina kutoka upande mmoja wa ukumbi hadi mwingine, jambo ambalo halikuwa kawaida, maana wengi walikuwa hawafahamiani. Gundi alimweleza mke wake huku mashine ikienda.

"Miaka yote hii tunaingia kwa zamu, tunatoka kwa zamu. Yule wa kukata sijawahi kumsalimia. Kule ndani ndiyo mara ya kwanza tumekaa wote mahali pamoja. Tukajitazama. Tuko wengi, mke wangu! Kiwanda ni sisi."

Jioni haijaingia, Kaimu aliwaita Komandi na Bwana Utumishi ofisini. Alikuwa amekaa kwenye kiti chake wima, mikono juu ya meza, kama mtu anayehakikisha meza ipo. Komandi alikiri kosa la programu bila kuzunguka, kisha akasema kuna njia mbili za kulizuia lisirudi. Ya kwanza ni kuirekebisha programu, anwani ikiwa tupu isimame iulize, na isifagie kitu ambacho haikukileta yenyewe. Ya pili ni kuwaajiri watu wale kwa kudumu, maana wamo kiwandani tangu kabla ya programu, kabla ya seva, na wengine kabla ya jengo kupakwa rangi.

"Ya pili ina mlolongo," alisema Bwana Utumishi. "Ya kwanza ni ya siku ngapi?"

"Nimeshamaliza."

"Basi." Bwana Utumishi alifunga faili lake kwa kuridhika.

Kaimu alimgeukia Komandi. Kule ndani ya folda, kwenye kiti kisichoyumba, alikuwa amewaahidi watu mambo mengi kwa sauti ya kutetemeka, na aliyakumbuka yote vizuri. "Nitalifanyia kazi," alisema. Komandi alishukuru akatoka. Mikataba ilikuwa inaisha mwisho wa mwezi, basi Bwana Utumishi akaona ni busara kuigawa mipya mchana huo huo, wakati watu wana furaha. Ilikuwa ya miezi mitatu. Waliisaini juu ya mashine zao, wengine wakitumia mgongo wa mwenzao.

Bwana Utumishi alifanya jambo jingine moja. Alitaka safari nyingine, Mungu apishe mbali, ijulikane mara moja nani yupo na nani hayupo, basi akamwagiza mlinzi kuanzia leo awapange watu kwa mistari miwili wakati wa kutoka. Kengele ilipolia, mlinzi alisimama katikati ya geti akanyoosha mikono yote miwili.

"Wa kudumu kushoto! Wa muda kulia!"

Kushoto walisimama karani wa stoo, mhasibu, na Bwana Utumishi mwenye faili kwapani. Kulia mstari ulianza getini, ukapita kibanda, ukapita maegesho, ukazunguka banda la jenereta, ukarudi mpaka mlango wa ukumbi. Gari la Kaimu lilikuwa humo katikati, dereva wake kashusha kioo. Komandi alisimama na mume wake. Mama mkwe alikuwa amemshika mkono, kopo tupu likining'inia.

"Dada Komandi, wewe ni wa kushoto," alisema mlinzi alipowafikia.

"Najua. Leo natoka na watu wangu."

Mlinzi alifikiri, akaona halina katazo. Alimgeukia Gundi, ambaye alimfahamu vizuri, wakiwa wametoka kukaa sakafu moja asubuhi hiyo, lakini agizo ni agizo. "Mwenzangu, na wewe? Wa kudumu au wa muda?"

Gundi alivuta pumzi mpaka kifua kikajaa. "Wa muda!" alisema, kwa sauti ya mtu anayetaja ukoo wake.

Aliyekuwa nyuma yake hakusubiri kuulizwa. "Wa muda!" alisema, na wa nyuma yake, na mama wa chai, na wakataji, na Shoti aliyeirusha kofia juu, neno likaenda likizunguka maegesho na banda na kurudi, na watu wakicheka, wakipigana mabega, mkataba wa miezi mitatu ukiwa mfukoni mwa kila mmoja. Madirisha ya kiwanda yalitetemeka kuliko yalivyotetemeka kwa jenereta. Ndani ya gari Kaimu naye alilisema, taratibu, na dereva wake akamsikia. Kushoto walikuwa bado watatu. Karani wa stoo alimtazama Bwana Utumishi, akautazama ule mstari, akavuka akaenda kusimama kulia.

Mlinzi alisubiri kelele zipungue. Zilipokataa kupungua, alifungua geti lote, mabawa mawili, wakapita.